Philip Henry Gosse: mtu aliyeingiza bahari ndani ya nyumba

Kuna watu ulimwenguni wanaofuga matumbawe nyumbani, sawa vile sisi tunafuga kuku ao sungura. Wanachukua sanduku la vioo, wanalijaza maji ya chumvi, wanaweka taa juu yake, na ndani wanaotesha viumbe vinavyofanana na maua ya mawe. Mtu aliyeifanya desturi hii ijulikane kwa watu wa kawaida ni Mwingereza mmoja, Philip Henry Gosse, aliyekufa mwaka 1888. Alipenda viumbe vya bahari kuliko wengi wa wakati wake, na upendo ule ule ukaleta hasara ambayo hakuitarajia. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika, ambako samaki wa rangi wanavuliwa ili wauzwe ng'ambo wakiwa hai, maisha ya huyu mzee yanatuhusu.

Kwanza tuelewane juu ya tumbawe lenyewe. Wengine huliita marijani. Ukilishika unadhani ni jiwe, ukiliangalia ndani ya maji unadhani ni mmea. Kumbe ni mnyama. Ana mdomo katikati, na kuuzunguka mdomo kuna mikono midogo myororo ya kukamata chakula. Anavuta chokaa kutoka maji ya bahari na kujijengea mfupa mgumu chini yake. Ndiyo maana wataalamu wanamwita tumbawe gumu. Akifa, nyama inaoza na mfupa unabaki. Huo mfupa mweupe ndio watu wengi wamekwisha kuona kwenye picha ao mezani mwa mtu aliyetoka pwani.

Mtoto wa mchoraji maskini

Gosse alizaliwa tarehe 6 Aprili 1810 katika mji wa Worcester. Baba yake alikuwa mchoraji wa sura za watu, mtu wa kutembea mji kwa mji akitafuta wateja, na pesa haikukaa mfukoni. Mama yake alikuwa amefanya kazi ya utumishi katika nyumba za wakubwa. Familia ilihamia Poole, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, na ndipo mtoto alijifunza bahari.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa shangazi yake, mama Bell. Huyu alimwonyesha wanyama wanaoitwa anemoni, ndugu wa matumbawe wasiokuwa na mfupa, wanaoshikamana na mawe ufukweni na kufunguka kama ua. Alimwambia kwamba angeweza kuwaweka hai ndani ya chombo cha maji ya bahari. Mtoto alijaribu. Baba naye alimwachia mkono wa kuchora vitu vidogo kwa uangalifu mkubwa. Vitu hivi viwili, chombo cha maji na kalamu ya rangi, vilimsaidia maisha yote.

Masomo hayakufika mbali. Akiwa na umri wa miaka 15 aliingia kazi ya ukarani katika ofisi ya wafanyabiashara wa Poole. Mwaka 1827 walimpeleka ng'ambo ya Atlantiki, kwenye kisiwa cha Newfoundland, kuandika hesabu za biashara ya samaki na ngozi za wanyama wa bahari. Alikaa kule miaka 8. Mwaka 1832 alinunua kitabu cha zamani juu ya hadubini, na tangu siku ile alianza kukusanya wadudu na kuwachora kila jioni baada ya kazi. Hakuna aliyemfundisha.

Kisha alijaribu ukulima Kanada, miaka 3, na shamba likamshinda. Mwaka 1838 alishuka Alabama, kusini mwa Marekani, kufundisha watoto wa matajiri wenye mashamba ya pamba. Alipenda ndege na vipepeo vya kule. Lakini aliona pia namna watumwa walivyopigwa, na roho yake haikuweza kutulia. Hakumaliza mwaka. Mwaka 1839 alirudi Uingereza akiwa mtu wa karibu miaka 30, bila mali, bila cheo, na maandiko ndani ya sanduku. Kitabu chake cha kwanza, juu ya viumbe vya Kanada, kilitoka mwaka 1840.

Jamaika, na watu waliomsaidia

Mwaka 1844 alitumwa Jamaika kukusanya ndege na viumbe vingine kwa ajili ya makumbusho ya London. Alikaa mwaka mmoja na nusu. Huko aliajiri kijana mweusi, Samuel Campbell, aliyejua misitu na aliyekuwa hodari wa kulenga ndege. Alisaidiwa pia na Richard Hill, hakimu wa Jamaika mwenye damu ya Kiafrika na ya Kizungu, ambaye alikuwa mtaalamu wa viumbe. Kitabu cha ndege wa Jamaika kilipotoka mwaka 1847, jina la Hill lilionekana kwenye ukurasa wa kwanza pamoja na la Gosse, na Campbell alitajwa ndani kwa jina na kwa sifa. Wasafiri wengi wa wakati ule walichukua ujuzi wa wenyeji na kunyamaza juu yao. Gosse hakunyamaza.

Mwaka 1848 alimwoa Emily Bowes, mwandishi wa vitabu vidogo vya dini, na mwaka 1849 wakapata mtoto wao pekee, Edmund. Wote wawili walikuwa wa kundi la kikristo lililojulikana kama Ndugu wa Plymouth. Wasomaji wetu wa Katanga watalitambua: ni kundi ambalo Frederick Stanley Arnot alitokea, yule mmisionari aliyefika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886.

Sanduku la vioo

Kazi nyingi ya kuandika ilimwangusha Gosse. Mwanzoni mwa 1852 alihama London na familia yake kwenda Devon, pwani ya kusini-magharibi, ili apone. Alikaa kwanza St Marychurch, kisha Ilfracombe. Kila maji ya bahari yalipokupwa, alivaa viatu virefu, akachukua nyundo, patasi na chupa, akaenda kwenye mawe. Emily na mtoto walimfuata.

Kule Ilfracombe alipata tumbawe dogo lenye rangi nyekundu na dhahabu, ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amelieleza. Alilipa jina: Balanophyllia regia. Mpaka leo jina la Gosse linaandikwa kando ya jina hilo. Alilipeleka nyumbani, akaliweka ndani ya maji, akaanza kulilisha.

Hapa lazima tuseme ukweli. Gosse hakuwa wa kwanza kufuga matumbawe. Miaka 6 kabla yake, mwaka 1846, mama mmoja, Anna Thynne, mke wa padri wa kanisa kubwa la Westminster, alikuwa Torquay akaona matumbawe hai. Alitaka kuyapeleka London, safari ya kilomita zaidi ya 250. Aliyashona juu ya sponji kwa sindano na uzi ili maji yapite pande zote. Nyumbani, maji mapya ya bahari yalikuwa shida kupatikana, kwa hiyo mtumishi wake alisimama kwenye dirisha wazi, akimimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine kwa nusu saa na zaidi ili yapate hewa. Mwaka uliofuata mama Thynne aliagiza mawe yenye majani ya bahari, na majani yakamsaidia ile kazi. Matumbawe yake yaliishi karibu miaka 3. Baadaye Gosse alimsaidia kutangaza kazi yake, na ilichapishwa mwaka 1859.

Kile Gosse alifanya ni kuifungulia watu wote ile njia. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, ya kwanza ya aina yake, na Gosse alikuwa mmoja wa wale waliotafuta viumbe vya kuijaza. Mwaka 1854 alitoa kitabu alichokiita The Aquarium, chenye picha za rangi alizochora mwenyewe, zikionyesha viumbe kama vile unavyoviona ukiwa umezama nao. Neno la aquarium kwa maana ya sanduku la viumbe wa maji lilienea kwa sababu yake. Sisi leo tunasema akwariamu.

Namna alivyolitunza tumbawe

Ndani ya kitabu hicho alieleza kazi kwa lugha nyepesi. Usianze na wanyama, anza na maji, mawe na majani ya bahari. Acha majani yazoee kwanza. Yanapopata mwanga yanatoa hewa ambayo wanyama wanapumua, na wanyama wakitoa uchafu wao, majani yanaufaidi. Weka sanduku karibu na dirisha, lakini jua kali likizidi, lizibe, maana maji yatageuka kijani. Maji yakipungua juu ya joto, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke, inabaki chini. Kiumbe kikifa, kitoe haraka kabla hakijaoza na kuua wengine.

Kulisha tumbawe kulikuwa kazi ya mkono. Unakata kipande kidogo sana cha nyama, unakiweka juu ya mdomo wake, unangoja. Mikono inajikunja polepole, mdomo unafunguka, chakula kinapotea. Yale matumbawe ya bahari baridi ya Uingereza hayahitaji mwanga mkali. Yanaishi kwa kukamata chakula. Ndiyo maana Gosse aliweza kuyaweka hai kwa mwanga wa dirisha.

Kwa wale waliokaa mbali na pwani, alitafuta namna ya kutengeneza maji ya bahari kwa mkono. Alichukua hesabu ya mkemia aliyepima maji ya bahari ya Brighton, akatoa kanuni ya chumvi 4. Kwa vipimo vya leo ni karibu gramu 100 za chumvi ya kupikia, gramu 7 za chumvi ya Epsom ambayo waganga walikuwa wanatoa kama dawa ya kuharisha, gramu 13 za kloridi ya magnesi na chini ya gramu 3 za kloridi ya potasi, ndani ya lita 4 na nusu za maji. Viumbe vyake viliishi ndani ya maji hayo. Chokaa hakuiweka, maana kiasi chake kilionekana kidogo. Leo mfugaji yeyote wa matumbawe magumu angeshituka: bila chokaa mnyama huyu hawezi kujenga mfupa. Wafugaji wa sasa wanapima maji kila juma, wakitaka karibu miligramu 400 za kalsiamu katika kila lita.

Matumbawe ya bahari ya joto, yale ya rangi nyingi yanayojenga miamba, yalikuwa magumu zaidi. Ndani ya nyama yao kuna mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, inayowapa chakula ikipata mwanga. Yanadai taa kali, joto la digri 24 hadi 26, na maji yanayotembea bila kusimama. Ilibidi kungoja karibu miaka 100 baada ya Gosse. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lee Chin Eng wa Indonesia alionyesha kwamba mawe hai yaliyotoka baharini, hewa ya pampu na mwanga wa jua vinaweza kuyatunza.

Watu walipokimbilia ufukweni

Kitabu cha 1854 kilikuja wakati wake. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, na vioo vikashuka bei. Treni zilifika pwani. Familia za watu wenye pesa kidogo zilitaka kitu kizuri sebuleni. Mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwa watengeneza majalada ya vitabu, William Alford Lloyd, alisoma mambo haya akaacha kazi yake, akafungua duka London la kuuza masanduku, maji ya bahari na viumbe hai. Gosse mwenyewe aliongoza vikundi vya watu kwenye mawe ya pwani, akiwafundisha kutambua na kutafuta.

Watu wakaja na vikapu, nyundo na patasi. Walibandua anemoni, walivunja mawe kutoa matumbawe, walijaza chupa. Wengi hawakuwa na uvumilivu wa Gosse. Sanduku lilinuka baada ya juma moja, viumbe vikafa, wakatupa, wakarudi ufukweni kuchukua vingine. Tumbawe dogo linaloota polepole miaka na miaka lilimalizwa kwa pigo moja la patasi. Baada ya miaka michache desturi ilipoa sebuleni, lakini mabwawa ya mawe yalikuwa yamekwisha kuchunwa.

Edmund, yule mtoto aliyekuwa akifuata baba na mama ufukweni, alikuja kuwa mwandishi mashuhuri. Mwaka 1907 alitoa kitabu juu ya baba yake, Father and Son. Ndani yake alieleza kwamba yale mabwawa mazuri ya utoto wake hayako tena, jeshi la wakusanyaji lilipita juu yao. Alieleza pia kwamba baba yake aliishi muda wa kutosha kuelewa kuwa vitabu vyake ndivyo vilivyowaita watu wale, na jambo lile lilimuumiza sana.

Mwaka wa majonzi na miaka ya mwisho

Mwaka 1857 ulimpiga Gosse mara mbili. Mwezi wa Februari Emily alikufa kwa kansa ya titi. Mwaka ule ule alitoa kitabu cha kujaribu kupatanisha Mwanzo wa Biblia na umri wa mawe ya dunia, akisema kwamba Mungu aliumba dunia ikiwa tayari na alama za zamani ambazo hazikupita. Wataalamu walikikataa, na waamini wengi pia. Alifikiri amewapatanisha, akajikuta peke yake katikati.

Alihama na mtoto wake akarudi St Marychurch, kando ya bahari. Hapo alimaliza kazi yake kubwa, Actinologia Britannica, iliyotoka kati ya 1858 na 1860, inayoeleza anemoni na matumbawe yote ya Uingereza yaliyojulikana. Mwaka 1860 alimwoa Eliza Brightwen, na uzee wake ulikuwa na amani. Alilima okidi, alichunguza wanyama wadogo wa maji kwa hadubini, na usiku aliangalia nyota. Alikufa tarehe 23 Agosti 1888, akiwa na miaka 78.

Tuchukue nini?

Ni rahisi kumlaumu, lakini Gosse hakuchukua ili atupe. Alichukua kidogo, akatunza, akaandika, na alifungua macho ya watu wengi juu ya viumbe ambavyo walikuwa wanavikanyaga. Kosa lilikuwa kwenye hesabu: kile mtu mmoja anaweza kufanya bila kuumiza, watu maelfu wakikifanya mahali pamoja wanamaliza. Tena wakati ule hakukuwa na mwenyeji ambaye aliulizwa, wala sheria iliyoweka mpaka.

Leo matumbawe magumu yote yako chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hayavuki mpaka wa nchi kwa biashara bila kibali. Na wafugaji wazuri wamejifunza njia nyingine. Wanakata kipande cha tumbawe lililokwisha kukua ndani ya sanduku, wanakigandisha juu ya jiwe dogo, kinaota. Ni sawasawa na sisi tunavyokata mti wa muhogo na kuupanda tena. Kipande kinapewa jirani, na bahari inaachwa itulie.

Hapa kwetu hatuna matumbawe, tuna samaki wa mawe wa Tanganyika. Wale wanaoitwa Tropheus wanapendwa sana ng'ambo kwa rangi zao. Hawapendi kuvuka mchanga ao mdomo wa mto, kwa hiyo kila ufuko wa mawe unaweza kuwa na rangi yake pekee. Jike anabeba mayai mdomoni, mara nyingi hayafiki 20. Ufuko mmoja ukichunwa, samaki wa ufuko wa jirani hawatakuja kuujaza kesho.

Kwa hiyo mnunuzi akifika kijijini na mapipa yake na mifuko ya plastiki, kabla mzamiaji hajaingia majini kuna maswali ya kuuliza. Ana kibali? Anataka samaki wangapi, na kutoka mawe gani? Atarudi lini mahali palepale? Wangapi hufa njiani kabla ya kufika uwanja wa ndege? Na je, kuna mtu anayeweza kuwazalisha ndani ya matangi hapa hapa kandokando ya ziwa, ili pesa ibaki na mawe yabaki na samaki wake? Maswali haya yanapaswa kuulizwa na chama cha wavuvi, na chifu, na wakubwa wa mazingira, wote wakiwa wamekaa pamoja. Kwenye pwani ya Devon hakuna aliyeyauliza mapema.